Kinanda kimeonekana lakini sauti haitoki: kuunganisha MIDI na sauti kwenye Linux

Unachomeka kinanda cha MIDI kwenye USB, taa yake inawaka, unafungua programu ya kurekodia, unabonyeza. Kimya. Hakuna ujumbe wa kosa wala dirisha la onyo. Aliyezoea Windows au Mac huamua papo hapo kwamba kinanda chake hakipatani na Linux, akakirudisha kwenye boksi. Mara nyingi sana uamuzi huo si wa haki. Kinanda ni kizima, kompyuta imekitambua, programu inafanya kazi. Kilichokosekana ni muunganisho mmoja ambao hakuna aliyeuweka.

Linux inakuachia wewe kazi ya kuamua nini kiende wapi. Kwa mwanamuziki hiyo ni nguvu kubwa, kwa sababu programu yoyote inaweza kupeleka nota au sauti kwa programu nyingine yoyote, hata kama waliozitengeneza hawajawahi kuonana. Tatizo ni kwamba ndani ya mashine moja kuna mifumo kadhaa ya kuunganisha, iliyojengwa na watu tofauti kwa miaka tofauti, na mlango wa mfumo mmoja hauungani moja kwa moja na mlango wa mfumo mwingine. Karibu kila mkanganyiko wa jambo hili unafunguka kwa maswali mawili: ndani ya waya huu kinapita nini? Na mlango huu ni wa mfumo gani?

Nota kwanza, sauti baadaye

MIDI haibebi sauti. Wanakwaya wanaoimba kwa solfa watalielewa hili upesi: karatasi yenye d, r, m inasema nota ipi iimbwe na kwa muda gani, lakini sauti yenyewe inatoka kooni mwa mwimbaji. MIDI ni ile karatasi. Ukibonyeza C ya kati, kinachotoka kwenye kinanda ni namba tatu, tuseme 144, 60 na 72. Ya kwanza inasema nota imeanza kwenye chaneli ya 1. Ya pili ni nota yenyewe. Ya tatu ni nguvu ya kidole, kwa kipimo cha 0 hadi 127. Ukiachia kidole, namba nyingine tatu zinatumwa kusema nota imekwisha. Hakuna zaidi ya hapo.

Makubaliano haya ni ya mwaka 1983. Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland ndio waliowasukuma watengenezaji wa vinanda wakubali lugha moja, na Januari mwaka huo, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland vikapiga pamoja mbele ya watu. Waya wa wakati ule ulipitisha biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe mmoja wa nota ulichukua karibu milisekunde moja kufika.

Sauti ni mzigo wa aina nyingine kabisa. Kwa kiwango kinachotumika sana siku hizi ni sampuli 48,000, yaani vipimo vidogo vya wimbi la sauti, kila sekunde kwa kila chaneli, bila kukatika hata kidogo, maana pengo dogo linasikika kama mkwaruzo. Kati ya nota na sauti lazima awepo mpigaji, yaani sinthesaiza: inapokea nota upande mmoja na kutoa sauti upande wa pili. Vinanda vingi vidogo vya USB havina sinthesaiza ndani yake. Vinatuma nota tu.

Kwa hiyo safari kamili ina nyaya mbili: kutoka kinanda hadi sinthesaiza, ambako inapita MIDI, na kutoka sinthesaiza hadi kadi ya sauti, ambako inapita sauti. Ukikatika wowote kati ya hizo mbili, kimya unachosikia ni kilekile. Ndiyo maana watu wanapoteza jioni nzima wakirekebisha waya ambao haukuwa na tatizo.

Mifumo iliyopandana

Chini kabisa ipo ALSA. Ilianzishwa na Jaroslav Kysela kutoka Ucheki, ikaingizwa kwenye kiini (kernel) cha Linux mwaka 2002, na tangu toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003 ndiyo njia ya kawaida ya Linux kuzungumza na kadi za sauti. Viendeshi (drivers) vya kadi yako na kinanda chako viko hapa. Kwa upande wa MIDI, ALSA inatoa milango ya aina mbili, na tofauti yake inafaa kukaa kichwani. Kuna MIDI ghafi, ambayo programu inashika kifaa chenyewe na kukimiliki, na kuna sikwensa ya ALSA, ambayo ni kama ubao wa kuunganishia: programu nyingi zinaweza kusikiliza kinanda kimoja kwa wakati mmoja, na wewe unaunganisha na kutenganisha unavyotaka.

Juu ya ALSA ikaja JACK, kazi ya Paul Davis, mtu huyohuyo aliyeanzisha programu ya kurekodia ya Ardour. Alihitaji kitu ambacho ALSA haikutoa: programu kadhaa za muziki zikifanya kazi kwa mpigo mmoja, kila moja ikimpa mwenzake sauti bila kupishana hata sampuli moja. JACK inafanya hivyo kwa mizunguko. Kila baada ya sampuli, tuseme, 128, seva, yaani programu kuu inayohudumia nyingine, inaziita programu zote kwa zamu kufuatana na nyaya ulizochora, kila moja inafanya sehemu yake, na matokeo yanapelekwa kwenye kadi kabla muda haujaisha. JACK ina MIDI yake pia, ambayo inasafiri ndani ya mzunguko uleule na sauti, hivyo nota inaangukia kwenye sampuli inayostahili.

Hapo ndipo shida ya kwanza ilipozaliwa. Kinanda chako kiko kwenye sikwensa ya ALSA, lakini programu yako inasikiliza MIDI ya JACK. Zote mbili zinaitwa MIDI, zote mbili zinabeba namba zilezile, na bado huwezi kuvuta waya kutoka moja hadi nyingine. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa programu ndogo iitwayo a2jmidid, daraja linaloonyesha milango ya ALSA upande wa JACK. Asiyeijua alikuwa amekwama, na hakuna mahali kwenye skrini palipomwambia kwamba anahitaji daraja.

Shida ya pili ilikuwa ugomvi wa kadi. Matumizi ya kila siku, kama kivinjari na video, yalikuwa yakipitia PulseAudio, seva nyingine kabisa. JACK ikitaka kadi na PulseAudio imeishikilia, mojawapo lazima iachie. Wengi wetu tuliokuwa tukitumia Linux kwa muziki zama hizo tulizoea kufunga kivinjari kabla ya kurekodi.

Kisha ikaja PipeWire. Wim Taymans wa Red Hat aliitambulisha mwaka 2017, Fedora 34, mojawapo ya matoleo ya Linux yanayosambazwa, ikaifanya seva yake ya sauti ya kawaida Aprili 2021, Ubuntu, ambayo ni nyingine ya aina hiyo, ikafuata na toleo la 22.10, na toleo la 1.0 la PipeWire likatoka Novemba 2023. Kilichoifanya ikubalike haraka ni kwamba haikumtaka mtu aandike programu yake upya. Programu ya PulseAudio inapoongea, PipeWire inaitikia kama PulseAudio. Programu ya JACK inapoita, PipeWire inaitikia kama JACK. Kivinjari na Ardour vinatumia kadi moja bila kugombana. Na daraja la MIDI limo ndani tayari: milango ya sikwensa ya ALSA inaonekana kwenye PipeWire chini ya jina Midi-Bridge.

Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni huo: tumia PipeWire, usisakinishe seva ya JACK pembeni yake kwa sababu tu mwongozo wa mwaka 2012 umesema hivyo. Miongozo ya zamani ndiyo chanzo kikubwa cha mifumo iliyovurugika. JACK peke yake bado ina nafasi kwenye mashine iliyotengwa kwa kazi ya studio tu, na mwenye mashine ya namna hiyo kwa kawaida anajua kwa nini anaitaka.

Kuunganisha kwa mkono

Kuelewa zaidi kunakuja ukifanya mara moja kwa amri, kabla ya kutumia programu ya kuchora nyaya. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kinanda kikiwa kimechomekwa, uandike:

aconnect -l

Utapata orodha. Namba 14 ni Midi Through, mlango wa kupitishia usiohusu kinanda chako. Wanaoanza huunganisha hapo wakidhani ndicho kinanda chenyewe. Vifaa vya USB mara nyingi hupata namba kama 20 au 24, na programu huanzia 128. Tuseme kinanda chako ni 20; mlango wake wa kwanza huandikwa 20:0. Kabla ya kwenda popote, hakikisha kinatuma:

aseqdump -p 20:0

Bonyeza vitufe. Kila nota itaandikwa pamoja na namba na nguvu yake. Zikionekana, waya wa USB, kiendeshi na kinanda vyote ni vizima, na huna sababu ya kuvirudia tena. Zisipoonekana, usiguse mipangilio ya sauti hata kidogo, kwa sababu tatizo liko kabla ya sauti. Badilisha kebo kwanza: kebo nyingi za simu zinapitisha umeme tu, hazina nyaya za data, na kinanda kitawaka taa bila kompyuta kujua kama kipo.

Sasa mpigaji. FluidSynth ni sinthesaiza nyepesi inayotumia mafaili ya SoundFont, yaani mikusanyo ya sauti za ala zilizorekodiwa. Kwenye Debian na Ubuntu, ukisakinisha fluidsynth, fluid-soundfont-gm na pipewire-jack, amri hii inatosha:

pw-jack fluidsynth -a jack -j -m alsa_seq /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Itazame vizuri, kwa sababu imebeba makala hii nzima. Sehemu ya -a jack inasema sauti itoke kupitia mlango wa JACK. Sehemu ya -m alsa_seq inasema nota ziingie kupitia sikwensa ya ALSA. Programu moja, miguu miwili, kila mguu kwenye mfumo wake. Herufi -j inaomba sauti iunganishwe na spika yenyewe. Neno pw-jack mwanzoni linaifanya programu ikutane na PipeWire badala ya kutafuta seva ya JACK ambayo haipo. Kwenye Fedora kwa kawaida hulihitaji.

Ukirudia aconnect -l kwenye terminali nyingine, FluidSynth itakuwa imejitokeza, labda kama 128. Unganisha:

aconnect 20:0 128:0

Bonyeza kitufe. Piano inalia.

Isipolia, unajua nota zinatoka, kwa hiyo gawanya njia iliyobaki. Chukua faili lolote la MIDI ulicheze moja kwa moja kwa sinthesaiza kwa amri ya aplaymidi -p 128:0 ikifuatiwa na jina la faili. Likisikika, basi uliunganisha mlango usio wenyewe. Lisiposikika, waya wa pili ndio wenye shida, na hapo sababu ya kawaida ni kwamba sauti inapelekwa kwenye HDMI, kwenye skrini isiyo na spika. Amri ya wpctl status inaonyesha sauti inatokea wapi, ikiweka nyota kwenye kifaa kilichochaguliwa. Amri ya wpctl set-default pamoja na namba ya kifaa inakihamisha.

Ukishaelewa hivyo, hamia kwenye qpwgraph, programu ya Rui Nuno Capela, ambaye pia ndiye aliyeandika QjackCtl na Qtractor. Inakuchorea programu zote kama visanduku na unavuta nyaya kwa kipanya. Milango ina rangi, na rangi hizo ndizo mifumo tuliyoisema: sauti ina rangi yake, MIDI ya upande wa JACK na PipeWire ina yake, sikwensa ya ALSA ina yake. Waya unaokataa kuunganika mara nyingi unavutwa kati ya rangi mbili tofauti. Tafuta nakala ya kinanda chako chini ya Midi-Bridge uvute kutoka hapo.

Kinanda kilichotekwa, na nota zinazolia mara mbili

Kuna makosa mawili ambayo hayaonekani kwa macho kwenye mchoro.

La kwanza linatokana na MIDI ghafi. Baadhi ya programu hazipitii sikwensa. Zinafungua kifaa chenyewe na kukishikilia. Ardour ina chaguo hili waziwazi: ukiiwasha kwa ALSA badala ya JACK, inakuuliza kama MIDI itumie vifaa ghafi au sikwensa. Ukichagua vifaa ghafi, programu nyingine zitakikosa kinanda hadi Ardour ifungwe. Isitoshe, ikitumia ALSA moja kwa moja Ardour inashika kadi ya sauti pia, na FluidSynth yako itabaki haina pa kutolea sauti. Ukitaka Ardour ifanye kazi pamoja na programu nyingine, iwashe kwa chaguo la JACK, na PipeWire itaipokea.

La pili ni nota kulia mara mbili, kwa mtetemo wa ajabu kama vinanda viwili visivyolingana. Umeunganisha kinanda na sinthesaiza moja kwa moja, halafu programu ya kurekodia nayo inapokea kinanda kilekile na kuzipitisha nota kwa sinthesaiza ileile. Kila nota inafika kwa njia mbili, zikiachana kwa milisekunde chache. Usianze kulaumu SoundFont. Kata waya wa moja kwa moja, uiache programu ya kurekodia iwe njia pekee.

Kuchelewa

PipeWire kwa kawaida huanza na bafa, yaani fungu la sauti linaloandaliwa kwa mzunguko mmoja, ya sampuli 1,024. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 21 kwa kila mzunguko, na ukijumlisha hatua nyingine za njiani kidole kinatangulia na sauti inafuata. Kwa video haina neno. Kwa mpiga kinanda inaudhi, na kwa mpiga ngoma za vidole haivumiliki. Sampuli 256 ni milisekunde 5.3, na 128 ni 2.7. Kwa kipimo cha kulinganisha, sauti hewani inahitaji karibu milisekunde 3 kwa kila mita, hivyo anayepiga gitaa mita mbili kutoka kwenye spika yake anaishi na milisekunde 6 na hajali.

Kubadilisha papo hapo:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Ukiweka 0 badala ya 128, mfumo unarudi kujiamulia. Kisha fungua pw-top utazame safu ya ERR wakati unapiga. Namba ikipanda, kuna programu inayoshindwa kumaliza kazi yake kabla mzunguko haujaisha, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Panda hadi 256 uone. Kushindana kushusha bafa hakuna faida yoyote: kompyuta ya zamani inayokwenda bila kukwaruza kwa 256 ni ala nzuri ya muziki, na kompyuta mpya inayokwaruza kwa 32 haifai kurekodia.

Kabla ya kununua mashine nyingine, angalia kama programu zako zina ruhusa ya kupewa kipaumbele. Amri ya ulimit -r ikijibu 0, mtumiaji wako hana ruhusa hiyo moja kwa moja. PipeWire inaweza kuiomba kupitia huduma ya rtkit, lakini kwa kazi nzito ni bora kumwingiza mtumiaji kwenye kundi lililopewa ruhusa kwenye mfumo wako, kisha kutoka na kuingia upya. Zamani watu walilazimika pia kuchukua kiini kilichorekebishwa maalumu kwa ajili ya muziki. Marekebisho hayo, yaitwayo PREEMPT_RT, yaliishi nje ya Linux rasmi kwa takriban miaka 20 hadi yalipokamilika kuingizwa kwenye toleo la 6.12, Novemba 2024. Na visikilizio vya Bluetooth viache kwa ajili ya kusikiliza tu: kwa kawaida vinaongeza zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa bafa utakaoziondoa.

Nota zilizo kati ya vitufe

Jambo hili linawahusu wapenzi wa taarab. Nota za MIDI ziko kwa hatua za nusu toni, lakini maqam za Kiarabu, yaani mipangilio ya nota, zilizoingia kwenye taarab kongwe ya Unguja zina nota zinazokaa katikati ya hatua hizo, ambazo ala kama kanuni, udi na fidla zinazifikia bila taabu. Vinanda vya umeme vilipoingia kwenye vikundi, nota hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kupotea. Kwa mfumo tulioujenga hapa si lazima zipotee. Ndani ya terminali ambamo FluidSynth inaendelea kufanya kazi, andika:

tuning rast 0 0
tune 0 0 64 6350
settuning 0 0 0

Mstari wa kwanza unaunda mpangilio mpya, wa pili unashusha E iliyo juu ya C ya kati kwa robo toni, wa tatu unauweka kwenye chaneli ya kwanza. Rudia mstari wa pili kwa E za oktava nyingine na kwa nota nyingine ambazo maqam inadai. Kinanda hakijui kilichotokea, kinaendelea kutuma 64 kama kawaida, kwa sababu mpigaji na karatasi ni vitu viwili. Natamani vijana wanaotengeneza midundo yenye ladha ya taarab walijaribu hili, maana wengi wanazikwepa nota hizo kwa kudhani kompyuta haiziwezi.

Kesho yake

Ukizima kompyuta, nyaya ulizochora kwa aconnect zinapotea, na namba 20 inaweza kuwa 24 kwa sababu tu umechomeka kifaa kingine kwanza. Kwa hiyo kwenye hati zako za amri tumia majina badala ya namba. Aconnect inakubali jina la kifaa kama linavyoonekana kwenye orodha, likiwa ndani ya alama za nukuu. Kwa waliohamia kwenye mchoro, qpwgraph ina sehemu ya Patchbay: hifadhi mchoro kwenye faili, uiwashe, na kila kinanda au programu inapojitokeza nyaya zake zinarudi zenyewe. Ardour inakumbuka miunganisho yake ndani ya mradi. Anayetaka kuhifadhi ALSA na JACK kwa pamoja, aj-snapshot inaandika hali yote kwenye faili moja la XML. Kwa kazi kubwa yenye programu nyingi, RaySession inazifungua programu zenyewe pamoja na nyaya zake, kila wimbo na mpangilio wake.